Pacha Mpole

Tuktuk ilikuwa imesimama mlangoni, hapo Munje. Mama mkwe wa Ndulu alikuwa amempakata pacha mmoja, aliyelia tangu asubuhi, tayari kumpeleka hospitali.

"Mwenzake abaki alale," alisema. "Mtoto mpole, hana taabu."

"Hebu nipe huyo kwanza, mama," Ndulu alisema.

Alipompa ziwa, mtoto alinyamaza papo hapo, akavuta hata likamuuma. Kisha Ndulu akamweka yule mpole kwenye ziwa la pili. Midomo iligusa chuchu ikaiachia, maziwa yakamtiririka shavuni. Ndulu alimshika nyayo. Zilikuwa baridi, na nje jua lilikuwa kali.

"Huyo ana njaa tu. Mgonjwa ni huyu."

"Mbona hana homa wala halii?"

"Hana nguvu za kulia, mama. Twendeni."

Huko hospitali ya Msambweni, daktari alimpima yule mpole, akaagiza dawa iletwe upesi, akamchoma sindano mkononi kutafuta mshipa wa kuipitishia.

"Damu yake imeingiliwa na vijidudu," alisema. "Wachanga wengine hawapati homa, hupoa tu na kuacha kunyonya. Umemwahisha, tutapambana. Lakini mshipa umenipotea, itabidi nimtoboe tena."

Ndulu aliushika imara mkono wa mwanawe.

"Mtoboe, daktari."