Yai Lililonadiwa Kanisani

Jumapili ya mavuno, Kuku mjane hakuwa na sadaka, akatoa yai la pekee alilokuwa akiliatamia. Baada ya ibada Mchungaji Kobe akalinadi pamoja na maboga na ndizi. Nguchiro, ambaye dukani kwake huuza hata maji ya mvua, akalinunua kwa gunia la mtama.

Njiani, alipotaka kulila, yai likapasuka mkononi. Kifaranga akamtazama, akamwita, "Mama!"

Nguchiro akamfunika kwa koti, akarudi kanisani mbio.

"Nimemletea Kuku mtoto wake."

Mchungaji Kobe akashika kengele ya mnada. "Haya, wapendwa, tuanzie bei gani?"

"Weka kengele chini, Mchungaji," alisema Nguchiro kwa upole. "Huyu hauzwi."