Swali la Mbwa

Skrini ilipowaka, darasa lilikuwa bado lipo.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuwaaga wanafunzi wake na kuzima skrini, kama alivyofanya kila siku tangu chuo kifungwe kwa ajili ya ugonjwa. Aliiwasha tena apate mwanga wa kutafutia miwani, maana mapazia ya chumba kile hayakuwa yamefunguliwa kwa wiki nyingi. Akakuta viboksi viwili vyeusi vimebaki, kila kimoja na jina la mwanafunzi. Kitaa cha kijani cha kamera kilikuwa kinawaka. Ndipo alipoelewa, mtu mzima na shahada zake, kwamba kuzima skrini si kufunga darasa. Siku zote hizo alikuwa akionekana na kusikika.

Mitihani yake aliitungia kwenye meza ileile ya kompyuta, na hakujua kuitunga kimyakimya. Tangu ujana wao kila swali alimsomea mkewe kwa sauti. Mkewe hakusomea sheria, lakini alikuwa na sikio. Swali likimchanganya yeye, basi limeandikwa vibaya.

Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akamimina chai vikombe viwili.

"Bibie, tumeibiwa," alinong'ona.

Katika ndoa yao neno la mwisho lilikuwa la mkewe sikuzote, lakini siku hizi alimwachia aseme mpaka achoke mwenyewe.

Kesho yake alizima skrini kama kawaida, akangoja, akaiwasha ghafla. Walikuwepo wawili, ila si wale wa jana. Keshokutwa wawili wengine. Wezi wenye zamu! Na hawa ndio waliomlilia kila asubuhi kwamba bando limekwisha, kwamba kamera zinakula bando, kwamba awafupishie kipindi. Bando la kusoma halikuwepo, la kukaa kimya kumsikiliza mzee akijisemea lilipatikana.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alianza kuyasikia upya mambo aliyoyapuuza. Kiongozi wa darasa, binti waliyembandika jina la Spika kwa kupenda kusema, alikuwa akimuuliza kabla ya kila kipindi: "Mwalimu, umekula?" Mwingine aliwahi kumuuliza kama analala vizuri. Zamani maswali hayo yalimpendeza. Sasa aliona wanampima, wajue lini ana nguvu za kutunga mtihani na lini hana.

Alimpigia simu mkuu wa idara. Mkuu akamjibu kwamba aliyeiba mtihani hufukuzwa, awe mmoja au darasa zima, na kwamba anasubiri majina. Mwalimu akaahidi kuyapeleka akimaliza kusahihisha. Alipokata simu alihisi vibaya. Lilikuwa darasa alilolipenda kuliko yote aliyowahi kufundisha, na hasira yake ilitoka hapohapo kwenye mapenzi.

Somo lake lilikuwa sheria ya ushahidi. Kwa miaka mingi aliwaambia vijana kwamba shaka peke yake haimfungi mtu. Basi akatafuta ushahidi.

Alasiri moja alizima skrini, akaketi mbele ya kamera, akasema kwa sauti ya kutosha: "Bibie, sikiliza swali la kwanza. Mbwa wa polisi amenusa kiatu, akamfuata mtu mpaka nyumbani kwake. Je, mahakama imsadiki mbwa?" Mada hiyo hakuwahi kuifundisha, wala haikuwemo katika vitabu alivyowapa. Atakayeijibu vizuri ndiye mwizi. Za mwizi arobaini, alijiambia, na akaona haya kidogo kwa kuifurahia kazi hiyo.

Mtihani ukafanyika, kila mtu chumbani kwake. Mwalimu alisahihisha na kalamu nyekundu mkononi, ingawa karatasi zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta. Wa kwanza aliacha swali la mbwa wazi. Wa pili vilevile. Wa tatu aliandika kwamba kwao mbwa wao hamjui hata mwenye nyumba. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akatafuta tena. Hapakuwa na hata mmoja aliyelijibu vizuri. Spika aliandika mstari mmoja tu: "Hili hatukufundishwa, Mwalimu."

Akampigia Spika, naye akatokea kwenye skrini, safari hii na uso wake.

"Mlikuwa mnabaki darasani baada ya kipindi," Mwalimu alisema. "Usinikatalie, nimewaona."

"Sikatai."

"Swali la mbwa mlilisikia?"

"Hapana. Ukianza kusoma mtihani tunazima sauti, tunabaki na picha tu. Tulikubaliana hivyo wote."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alikuwa ameshaandaa maneno makali, na sasa hakujua ayapeleke wapi. Alimuuliza, kama si mtihani, walikuwa wakimaliza bando lao kwa kitu gani.

Spika akaisogelea kamera.

"Siku ya kwanza uliposahau kufunga darasa tulikusikia ukimwita Bibie, ukimwambia Mama asiende mbali, unamfuata," alisema. "Mama tulimzika kwa kutazama kwenye simu, Mwalimu, kwa sababu tulikatazwa kuja. Tukaapa kwamba wewe hatutakuzika hivyo."