Kanga ya Mke Mwenza

Tabibu wa viungo aliagiza mkono wa kushoto wa Bi Sikudhani, ulio mzima, ufungwe kila asubuhi, ili ule wa kulia uliolazwa na kiharusi ulazimike kufanya kazi. Hakusema ufungwe kwa kitu gani. Mwanahawa, mke mwenzake, akachagua kanga aliyojitanda siku alipoletwa nyumba hii: NIMEKUJA NA NIMEKAA. Akakaza fundo, maandishi yakamtazama Sikudhani usoni.

"Haya, kunywa uji, dada mkubwa."

"Cha mkono wako sili. Bora nife."

"Kufa ukipenda, lakini kikombe utakinyanyua."

Hasira zikampanda Sikudhani mpaka vidoleni. Vidole vilivyolegea miezi mitatu vikajikunja, vikashika kikombe. Mkono ukapanda tumboni, ukafika kifuani, ukapita kinywa. Kisha akaurusha uji wote, ukamtapakaa Mwanahawa usoni.

Akasubiri matusi.

Mwanahawa alijifuta polepole kwa kiganja. "Jana mkono uliishia tumboni," alisema.

Akakijaza kikombe tena, akakiweka palepale. Kisha akarudisha kigoda chake nyuma hatua moja, akaketi, akamkazia macho.