Vibao Vyeupe

Nasimu alimkuta Mshamu kibarazani, simu mkononi, akisoma vibao vya maduka ya ng'ambo ya barabara. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Akiona jina la duka ambalo mwenyewe hajalisajili mtandaoni, analisajili yeye, kisha anangoja mwenyewe aje kulinunua.

"Nirudishie jina langu," alisema Nasimu. "Watu wakitafuta Mikate ya Nasimu wanapelekwa kwa muuza mikate wa mtaa wa pili."

"Yeye amelikodi. Duniani kote watu wanasajili majina ya tovuti, dada, na kila mwaka wanazidi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakanda unga."

"Basi endelea kukanda."

"Jina hilo nilipewa na bibi yangu."

"Mlete bibi yako, aje na stakabadhi."

Nasimu alivuka barabara, akaazima ngazi kwa fundi baiskeli, akapanda hadi kwenye kibao chake na kulipaka jina lote rangi nyeupe. Kinyozi wa jirani alitoka kutazama, akimwacha mteja kitini na povu shavuni.

"La kwangu analo tangu mwaka jana," kinyozi alisema. "Ukimaliza, nipe ngazi."

Mshamu alisimama, simu tayari, akisubiri jina jipya la kusajili. Nasimu alishuka bila kuandika kitu. Kufikia adhuhuri vibao sita vilikuwa vyeupe, rangi bado ikichuruzika ukutani, na fundi baiskeli alikuwa akiihamisha ngazi kwenda duka la saba.