Zamu ya Penina Kusali

Kila jioni saa moja mama yake Penina humpigia simu, na Penina huiweka kwenye spika kando ya ubao wa kukatia mboga. Mama husali, yeye hukata vitunguu, na mwishoni huitikia amina. Huu ulikuwa mwaka wa pili akiitikia hivyo bila kuamini chochote, na mama hakujua.

Jioni hiyo mama hakuanza.

"Leo sali wewe, mwanangu. Kesho asubuhi naingia chumba cha upasuaji, na sauti imenikauka."

Kisu kikasimama. "Mama, fundi wa sala ni wewe."

"Fundi naye huchoka. Au huko chuoni walikufundisha yote, wakasahau hilo?"

Penina akacheka kidogo. Maneno aliyajua tangu utotoni, na kuyatamka kungemtuliza mama. Nani angegundua? Akazima jiko, akaliwasha, akalizima tena. Kwenye simu pumzi za mama zilisikika, fupi fupi, zikimngoja.

"Baba yetu," akaanza, akakwama.

"Endelea, nipo."

"Siwezi, Mama. Siamini kama kuna anayetusikia huko juu. Siku zote hizi nimekuwa nikikuitikia tu."

Penina akaikamata simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu kabisa na mdomo.

"Lakini wewe unanisikia. Naogopa, Mama. Kesho uamke."