Mkeka wa Mwanasiti

Mwanasiti alirudi sokoni siku ya nne baada ya kumzika mama yake. Kwenye simu, grupu la wauza vitenge lilikuwa limejaa pole, tisini na tatu. Kibandani kwake hakuja mtu. Kila mmoja alijiona ameshatoa yake.

Hakufungua biashara. Alitandika mkeka mbele ya kibanda, akaketi kama wanavyoketi wafiwa.

Bi Sikudhani, jirani yake wa kibanda kwa miaka kumi na miwili, alikuwa akikipiga picha kitenge kipya ili awatumie wateja.

"Mbona hufungui, mwaya? Pole yangu hukuipata? Mimi nilikuwa wa kwanza kutuma."

"Niliipata, dada. Iliingia tukiwa tunamwosha mama."

Bi Sikudhani alivua ndala, akakaa, akamshika mkono. Simu yake ililia mezani, ikanyamaza, ikalia tena. Akaja muuza nyuzi, kisha washonaji wawili, kisha hata yule aliyekuwa hamsalimii Mwanasiti tangu mwaka jana. Mkeka ukajaa.

Wengine walibaki wamesimama. Bi Sikudhani akainuka, akakichukua kile kitenge alichokuwa akikipiga picha, akakikunjua chote, akakitandika chini.