Upepo Ulipolala

Tangu umeme wa mafuta upigwe marufuku, upepo ukilala na bwawa likikauka, kila nyumba Makambako huwashiwa kitu kimoja tu, na wenye nyumba hukichagua kwa kunyoosha mikono.

Siku hiyo friji ilijaa nyama ya harusi ya Tumpe. Bibi yake, Sekela, alikuwa akipumulia mashine.

"Wakwe wanafika kesho, jamani," mama Tumpe alisema.

Bibi Sekela akatabasamu. "Msije mkaaibika kwa ajili yangu," alisema kiungwana, akingoja wamkatalie, kama mgeni anayesubiri kubembelezwa ale.

Hakuna aliyemkatalia. Mikono ikanyooka, wa mwanawe ukitangulia.

Jioni upepo ulirudi. Mashine ikaanza kuhema yenyewe kando ya kitanda.

Nyama haikuharibika. Ilitosha harusi na msiba.